Miaka ya Wachezaji: Habari za Besiboli ya Marekani na Watu Wake

Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege moja ilitua New York, na ndani yake walikuwamo wanafunzi 81 wa Afrika ya Mashariki, wengi wao vijana wa Kenya, waliokwenda kutafuta elimu ya juu. Habari za safari ile, na za Bwana Tom Mboya aliyeitengeneza, zinajulikana sana, wala hatutazirudia hapa. Twataka kutaja jambo moja tu. Ili kupata fedha za nauli, barua ya kuomba msaada ilipelekwa kwa watu wa Marekani, na miongoni mwa walioitia sahihi walikuwamo mwimbaji Harry Belafonte, na mwigizaji Sidney Poitier, na mtu mwingine ambaye jina lake lilikuwa limeenea nchi nzima kwa sababu ya kupiga mpira kwa gongo. Huyo ndiye Jackie Robinson.

Tulipowasimulia wanafunzi wetu habari hii, mmoja akauliza: mpira ni mchezo tu, basi mtu apataje heshima kubwa namna hiyo kwa mchezo? Hatukuwa na jibu la kutosha siku ile. Ndipo tukaanza kusoma habari za wachezaji wa besiboli wa zamani zile, yaani miaka ya katikati ya karne iliyopita, na kadiri tulivyosoma tuliona kwamba mambo ya uwanjani yalituvuta kidogo, bali yaliyotushika ni hesabu ya miaka: mchezaji alikuwa na miaka mingapi ya kazi, na miaka hiyo ilikuwa mali ya nani.

Kwa wasomaji wasioujua mchezo huu, tueleze kwa ufupi. Timu mbili za watu tisa tisa hushindana. Mmoja, aitwaye mtupaji, hurusha mpira mdogo mgumu wa ngozi kwa nguvu zake zote. Mtu wa timu ya pili husimama mbele yake na gongo la mti na kujaribu kuupiga, na nyuma yake huchutama mdakaji. Mpigaji akiupiga vema hukimbia kupita vituo vinne vilivyowekwa uwanjani, na akivimaliza timu yake hupata alama moja. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka vituo vyote kwa mwendo wa taratibu, na watu hupiga kelele. Mpira huja kwa kasi hata mpigaji hana nafasi ya kufikiri. Kwa hiyo anayefaulu mara 300 katika kila mara 1,000 huhesabiwa kuwa hodari, na anayefika 350 huhesabiwa miongoni mwa mabingwa. Wamarekani huandika hesabu hizi kwa uangalifu kama karani wa benki, na kuzihifadhi miaka na miaka. Msomaji alikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Tangu mwaka 1903 hata mwaka 1952 palikuwa na Ligi Kuu mbili, kila moja ina timu nane, zote katika miji kumi isiyobadilika. Upande wa mashariki mji wa mwisho ulikuwa Boston, na upande wa magharibi St. Louis, nyuma ya St. Louis, nusu nzima ya nchi haikuwa na timu hata moja ya Ligi Kuu, kwa kuwa wachezaji walisafiri kwa gari la moshi. Kila timu iliruhusiwa wachezaji 25. Basi fanya hesabu: nafasi 400 katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 150 mwaka 1950. Chini ya Ligi Kuu zilikuwako ligi ndogo, ambazo mwaka 1949 zilikaribia 60, na maelfu ya vijana walicheza humo kwa mshahara mdogo, wakilala katika nyumba za kupanga za miji midogo, kila mmoja akitumaini kuitwa juu.

Kijana aliyeingia ligi ndogo akiwa na miaka 18 au 20, akapita ngazi moja moja, pengine alifika Ligi Kuu akiwa na miaka 24. Alipofika 35 miguu ilikwisha kuwa mizito. Mtupaji ndiye aliyekuwa katika hatari zaidi, maana bega likimwuma mwezi wa Juni, mwezi wa Septemba amekwisha sahauliwa. Kazi yake ilikuwa kama mvua za mwaka: zikipita, mkulima hawezi kuzirudisha.

Na hiyo miaka michache haikuwa yake. Tangu mwaka 1879 wenye timu walipatana kuzuia wachezaji wao wasihame, na baadaye jambo hilo likaandikwa katika kila mkataba. Maana yake ni hii. Mchezaji alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, mwenye timu alikuwa na haki ya kumshika kwa mwaka mwingine, na mwaka mwingine tena, mpaka yeye mwenyewe apende kumwacha. Mchezaji hakuweza kwenda kuomba kazi kwa timu nyingine. Lakini mwenye timu aliweza kumwuza kwa fedha, au kumbadilisha kwa mchezaji mwingine, hata bila kumwuliza, na wengi walisoma habari za kuuzwa kwao katika gazeti la asubuhi. Mambo haya yalipofikishwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1922, majaji walisema kwamba besiboli si biashara ya namna inayoguswa na sheria za kuzuia makampuni kufunga soko. Mwaka 1953 shauri kama hilo likafika mbele yao tena, nao wakaliacha kama lilivyokuwa. Sisi si wanasheria, lakini ni vigumu kuelewa jinsi viwanja vya kuingia watu 50,000 kwa tiketi vilivyoonekana si biashara.

Msomaji asidhani kwamba wote walikuwa maskini. Joe DiMaggio wa New York alilipwa dola 100,000 mwaka 1949. Lakini hata mkubwa hakuwa na la kufanya alipokaa mezani na bwana wake. Twaona mfano wa Ralph Kiner wa Pittsburgh. Mwaka 1952 alivusha mpira nje ya uwanja mara 37, wala hapakuwa na aliyemzidi katika ligi yake, nao ulikuwa mwaka wa saba mfululizo wa kutozidiwa. Timu yake hata hivyo ilishika mkia. Alipokwenda kuzungumza juu ya mshahara, msimamizi mkuu Branch Rickey alitaka kuupunguza. Kiner mwenyewe alisimulia baadaye jawabu alilopewa: kwamba timu ingeweza kushika mkia hata bila yeye. Mwaka uliofuata akapelekwa Chicago.

Wale wa kawaida ndio walioona taabu hasa. Mchezo ulianza mwezi wa Aprili na kwisha mwisho wa Septemba, michezo 154, na mshahara ulikoma pamoja na mchezo. Wakati wa baridi wachezaji walitafuta kazi nyingine: wakauza bima, wakauza nguo, wakafanya kazi viwandani. Hata Robinson, akiwa amekwisha kuwa mtu mashuhuri, alisimama dukani wakati wa baridi akiuza televisheni.

Mwaka 1946, vita vikuu vilipokwisha na askari wakarudi, mambo yalianza kutikisika. Tajiri mmoja wa Mexico, jina lake Jorge Pasquel, aliwaita wachezaji wa Marekani kwa mishahara mikubwa, na baadhi yao wakavuka mpaka. Wakuu wa besiboli wakawafungia miaka mitano, ingawa adhabu hiyo iliondolewa mwaka 1949. Mwaka huo huo wa 1946 mwanasheria wa Boston, Robert Murphy, alianzisha chama cha wachezaji. Mwezi wa Juni wachezaji wa Pittsburgh walipiga kura juu ya kugoma. Wengi walikubali, lakini hawakufika theluthi mbili zilizotakiwa, na chama kikafa. Hata hivyo wenye timu walikuwa wameogopa. Wakaweka kima cha chini cha mshahara, dola 5,000 kwa mwaka, na mwaka 1947 wakaanzisha pensheni kwa mchezaji aliyetimiza miaka mitano katika Ligi Kuu. Kile kifungu cha kumshika mchezaji hawakukigusa.

Hayo yote ni habari za wazungu. Mweusi hakuwa hata na mkataba wa kumfunga, kwa sababu hakuruhusiwa kuingia. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa. Moses Fleetwood Walker, mtu mweusi, alikuwa mdakaji wa Toledo mwaka 1884, wakati timu hiyo ilipokuwa katika ligi kubwa. Baada ya mwaka ule wenye timu walifunga mlango kwa makubaliano ya kimya, na kwa zaidi ya miaka 60 kila mmoja alipoulizwa alisema kwamba kizuizi hakipo.

Basi weusi wakajijengea nyumba yao. Mwezi wa Februari mwaka 1920 Rube Foster, aliyekuwa mtupaji hodari na mwenye timu ya Chicago, aliwakutanisha wenzake katika mji wa Kansas City, wakaanzisha ligi yao. Ilianguka mwaka 1931 kwa njaa ya fedha iliyoikumba dunia, ikafufuliwa mwaka 1933 kwa jina lile lile, na mwaka 1937 ikaongezeka ligi ya pili. Wachezaji hawa walisafiri kwa basi usiku kucha, pengine wakicheza mara mbili au tatu kwa siku moja, na katika miji mingi hawakupata hoteli wala meza ya kula. Wakati wa baridi walikwenda Cuba, Puerto Rico na Mexico, ambako waliingia mlango wa mbele kama watu wengine. Lakini tusiwahurumie kupita kiasi. Kila mwaka huko Chicago ulikuwako mchezo mkubwa wa mabingwa wa mashariki na magharibi, na watu weusi walifika kwa makumi ya maelfu, wamevaa nguo zao za Jumapili. Timu, na tiketi, na sehemu kubwa ya faida vilikuwa mikononi mwa watu wao wenyewe. Jambo hilo lina thamani yake, na baadaye tutaona bei yake.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1945 Branch Rickey, yule yule tuliyemtaja, ambaye wakati ule alikuwa mkuu wa timu ya Brooklyn, alitangaza kwamba amemtia sahihi Jackie Robinson. Rickey alikuwa Mmethodisti mwenye msimamo, asiyekwenda uwanjani siku ya Jumapili. Tena alikuwa mtu wa kubana sana fedha. Tabia zote mbili zilikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana. Robinson alikuwa amesoma chuo kikuu, na alikuwa afisa wa jeshi, na mwaka 1944 alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi baada ya kukataa kuhamia nyuma ya basi, akaonekana hana hatia. Mwaka 1946 alicheza Montreal, na tarehe 15 Aprili 1947 akaingia uwanja wa Brooklyn, akiwa wa kwanza baada ya miaka ile yote. Alikuwa amemwahidi Rickey kwamba hatarudisha tusi kwa tusi, akatimiza, ijapokuwa kwa tabia yake alikuwa mtu mkali. Mwaka ule alilipwa kile kima cha chini, dola 5,000, na watu zaidi ya 1,800,000 walilipa tiketi kuingia uwanja wa Brooklyn.

Robinson alikuwa na miaka 28 siku ile ya Aprili. Kwa mchezaji mgeni huo ni umri mkubwa, ingawa miaka kumi ilimbakia, naye aliitumia vema. Lakini palikuwa na watu ambao hesabu yao ilikuwa mbaya zaidi. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays, aliyesifiwa kuliko wote kwa nguvu za kupiga, alikufa huko Pittsburgh tarehe 20 Januari 1947, mwenye umri wa miaka 35. Miezi mitatu kasoro siku chache baadaye mlango ukafunguliwa. Kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la jina.

Satchel Paige yeye aliwahi. Alizaliwa Mobile, Alabama, mwaka 1906, akaanza kazi ya kutupa mpira mwaka 1926, na kwa zaidi ya miaka 20 alizunguka bara zima, leo mjini, kesho kijijini, akicheza kila mahali penye mtu wa kulipa. Watu walipomwuliza umri wake alipenda kusema kwamba tarehe yake iliandikwa ndani ya Biblia ya nyumbani, na Biblia ililiwa na mbuzi. Robinson alipochaguliwa kuwa wa kwanza, Paige, ambaye walikuwa timu moja huko Kansas City mwaka 1945, aliumia moyoni, akakiri hivyo baadaye. Tarehe 7 Julai 1948, siku aliyotimiza miaka 42, timu ya Cleveland ilimtia sahihi. Waandishi wengine wa magazeti walicheka, wakasema ni mchezo wa kuigiza. Tarehe 3 Agosti alianza mchezo nyumbani Cleveland mbele ya watu 72,434; tarehe 20 wakaja 78,382. Katika michezo iliyohesabiwa kwa jina lake alishinda 6 na kushindwa 1, na Cleveland ikawa bingwa wa nchi nzima mwaka ule.

Tukisoma habari hii twafurahi, kisha twajiuliza: ikiwa alikuwa hivyo katika miaka 42, alikuwaje katika miaka 27? Waliomwona ni wale waliokaa katika viti vya mbao vya viwanja vidogo, na wengi wao wamekufa. Aliendelea katika Ligi Kuu kwa kukatika-katika hata mwaka 1953, na mwaka 1965, akiwa na miaka 59, aliitwa Kansas City akatupa kwa sehemu tatu za mchezo, akapigwa mara moja tu. Lakini pensheni ilikuwa bado. Ilidai miaka mitano kamili, naye alipungukiwa siku 158. Mwaka 1968 timu ya Atlanta ilimwajiri, kwa jina kama mwalimu wa watupaji, ili siku zile zitimie. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 40 alihesabiwa siku kama kibarua!

Bado yuko mmoja ambaye jina lake halitajwi sana, nasi twapenda kukaa naye kidogo. Ray Dandridge alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1913. Alikuwa mfupi, tena mwenye matege, na watazamaji walisema kwamba gari la moshi lingeweza kupita katikati ya miguu yake, lakini mpira haupiti. Alilinda kituo cha tatu katika timu ya Newark, kisha akahamia Mexico, akacheza huko miaka mingi kwa yule tajiri Pasquel. Mwaka 1949 timu ya New York Giants ilimtia sahihi, ikampeleka Minneapolis, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Alikuwa anakaribia miaka 36. Mwaka ule alifaulu kupiga zaidi ya mara 360 katika kila 1,000. Mwaka 1950 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi ile nzima. Kila mtu alingoja aitwe juu.

Mwezi wa Mei mwaka 1951 mwito ukaja Minneapolis. Aliyeitwa ni kijana wa miaka 20 aliyekuwa akikaa karibu na Dandridge na kupewa mashauri naye, jina lake Willie Mays, aliyekuwa amecheza michezo 35 tu huko na kupiga mara 477 katika kila 1,000. Hakuna anayeweza kulalamika kwamba Mays alistahili; alikuwa mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote waliopata kuonekana. Lakini Dandridge hakuitwa siku ile, wala mwaka uliofuata. Hakuitwa kamwe. Baadaye alisema kwamba angependa kuweka mguu katika Ligi Kuu hata kwa wiki moja, apate kusema alifika.

Sisi walimu twaijua sura ya jambo hili. Amewahi kuja mtu mlangoni kwetu, kijana mrefu mwenye ndevu, aliyechelewa kwa sababu hapakuwa na shule karibu na kwao, au kwa sababu alichunga mifugo ili ndugu zake wasome. Na anajua kusoma kupita wale walio ndani. Tukamwambia umri wake umepita. Kanuni ya umri haikutungwa kwa ubaya. Lakini aliyemchelewesha mtu yule si yeye mwenyewe, na kanuni haiulizi hayo. Dandridge alikuwa mwanafunzi wa namna hiyo.

Tena mlango haukufunguliwa wazi. Ulisukumwa kidogo kidogo. Mwezi wa Julai mwaka 1947 Larry Doby aliingia Cleveland, na wengine wawili wakaingia St. Louis. Mmoja wao, Willard Brown, aliazima gongo la mwenzake mzungu, akapiga mpira kwa gongo hilo akazunguka vituo vyote. Mwenye gongo akalivunja asije akaligusa tena. Baada ya mwezi mmoja hivi Brown na mwenzake waliachishwa. Timu ya Boston ya Ligi ya Amerika ilikuwa ya mwisho kumchukua mtu mweusi, mwezi wa Julai mwaka 1959, yaani miaka 12 baada ya Robinson, zaidi ya miaka miwili baada ya Robinson kuacha mchezo.

Sasa turudi kwenye ile nyumba waliyoijenga wenyewe. Rickey alipomchukua Robinson hakuilipa timu ya Kansas City hata senti moja, akisema kwamba ligi zile si ligi za kweli. Bibi Effa Manley, aliyeongoza timu ya Newark Eagles pamoja na mumewe, alipiga kelele sana juu ya jambo hili, na alipoombwa Doby alidai malipo, akapata dola 15,000 kutoka Cleveland. Alijua kwamba mchezaji mzungu wa kiasi kile angeuzwa kwa fedha nyingi zaidi, naye hakuficha maoni yake. Lakini fedha hazikumwokoa. Timu yake ilikuwa bingwa wa ligi za weusi mwaka 1946, na mwaka ule watazamaji wapatao 120,000 waliingia uwanjani. Mwaka 1947 wakawa kama 57,000. Watu wa Newark walikuwa wakipanda gari kwenda Brooklyn kumtazama Robinson, wala hatuwezi kuwalaumu. Mwisho wa mwaka 1948 timu ikauzwa, na ligi ile iliyofufuliwa mwaka 1933 ikafungwa. Kwa kila mweusi aliyeingia Ligi Kuu, wengi walibaki bila uwanja, pamoja na madereva wa mabasi, na wauza tiketi, na waandishi wa habari wa michezo ile. Tumesikia wengine wakisema hiyo ni bei ya maendeleo. Inawezekana, lakini waliolipa bei si wale walioufunga mlango.

Roy Campanella alikuwa miongoni mwa waliobahatika. Alianza katika timu za weusi mwaka 1937, mtoto wa miaka 15, akaingia Brooklyn mwaka 1948, na mara tatu, 1951, 1953 na 1955, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Naye pia alikuwa na duka la vileo Harlem kwa ajili ya wakati wa baridi. Usiku wa mwezi wa Januari mwaka 1958, akirudi nyumbani kutoka dukani, gari lake liliteleza likapinduka, akavunjika shingo. Hakutembea tena hata alipokufa mwaka 1993.

Na Robinson? Mwezi wa Desemba mwaka 1956 Brooklyn ilimpeleka kwa mahasimu wake wakubwa, New York Giants, akiwa amekwisha kuamua kuacha mchezo na kuingia katika kampuni moja ya kahawa. Hakwenda. Hata yeye, baada ya yote aliyowafanyia, alihamishwa kama kiti. Labda ndiyo sababu tunamkuta mwaka 1970 mahali ambapo mchezaji hata mmoja aliyekuwa bado kazini hakuthubutu kufika.

Curt Flood, mtu mweusi aliyecheza St. Louis miaka 12, aliambiwa mwezi wa Oktoba mwaka 1969 kwamba amebadilishwa, aende Philadelphia. Alikataa. Mwezi wa Desemba alimwandikia mkuu wa besiboli kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake. Akafungua mashtaka. Aliambiwa kwamba mshahara wake ulikaribia dola 100,000, basi analalamikia nini. Naye alijibu kwamba mtumwa mwenye mshahara mnono ni mtumwa vilevile. Shauri liliposikizwa New York mwezi wa Mei mwaka 1970, Robinson, nywele zimekuwa nyeupe na macho yakianza kufifia kwa ugonjwa wa sukari, alikuja kutoa ushahidi juu ya kile kifungu. Mwezi wa Juni mwaka 1972 Mahakama Kuu ilimkatalia Flood, majaji watano kwa watatu. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Robinson akafariki, mwenye miaka 53.

Tulisema kwamba Wamarekani wanahifadhi hesabu zao. Dandridge aliingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli huko Cooperstown mwaka 1987, akiwa na miaka 73. Mwezi wa Desemba mwaka 2020 wakuu wa besiboli walikiri kwamba ligi za weusi za miaka 1920 hata 1948 zilikuwa Ligi Kuu za kweli, na mwezi wa Mei mwaka 2024 hesabu zao zikaingizwa katika daftari moja na za wengine. Ilipofanyika hivyo, jina la juu kabisa katika orodha ya wapigaji wa nyakati zote, mara 372 katika kila 1,000, likawa la Josh Gibson.

Kile kifungu nacho kilivunjwa mwishowe. Tarehe 23 Desemba 1975 msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba watupaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza mwaka ule bila kutia sahihi mkataba mpya, wako huru kwenda watakako. Wote wawili walikuwa wazungu. Siku hiyo Curt Flood alikuwa na miaka 37, na miaka minne na zaidi ilikuwa imepita tangu alipoacha mchezo.